Joto Lisilo na Njia ya Kutoka

Kila mkulima wa pamba katika nchi ya Mwanza ajua kwamba pamba yenye unyevu haifai kurundikwa ghalani. Ukiianika kwa tabaka nyembamba haidhuriki. Lakini ukiirundika, kisha ukatia mkono ndani baada ya siku chache, utaiona ina joto kama mwili wa mgonjwa wa homa. Joto hilo huletwa na vijidudu viishivyo katika unyevu, na rundo likiwa kubwa halipati njia ya kutoka. Katika viwanda vya kemikali joto huzaliwa kwa namna nyingine, lakini hesabu yake ni ileile.

Kemikali nyingi zikichanganywa hutoa joto, nalo joto huharakisha kazi yao: kwa kadiri, kila zinapoongezeka nyuzi 10, mwendo huwa mara mbili. Basi mwendo huzaa joto, na joto huzaa mwendo. Tena utazame ukubwa wa chombo. Sanduku likiongezwa mara mbili kwa urefu, upana na kimo, hubeba mara 8, lakini pande zake zitoazo joto huongezeka mara 4 tu. Ndiyo sababu jambo lililo salama katika chupa ya shule huweza kuwa msiba katika tangi la kiwanda, isipokuwa pawepo mitambo ya kulipoza.

Hayo yaliupata mji wa Bhopal, katika Bara Hindi, usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984. Kiwanda cha Union Carbide kilitengeneza huko dawa za kuulia wadudu wa mashambani. Katika tangi moja mlikuwa na tani 40 hivi za methili isosianati, sumu kali ichemkayo kwa nyuzi 39. Maji yakaingia tangini. Namna yalivyoingia imebishaniwa sana. Joto likapanda, lakadiriwa kupita nyuzi 200, na mvuke ukasukuma vali ukatoka nje. Kwa kuwa ulikuwa mzito kuliko hewa, ulitambaa chini, ukaingia nyumba za maskini waliolala. Serikali ilihesabu waliokufa zaidi ya 3,000, na wengi husema walizidi sana.

Je, ni maji peke yake yaliyowaua? Sivyo. Mtambo wa kupoza tangi ulikuwa umezimwa miezi kadhaa kabla, na bomba la kupeleka mvuke kwenye mnara wa kuuteketeza lilikuwa limekatika, likingoja matengenezo.

Msomaji, mtambo wa kupoza ni kama mlinzi wa usiku. Akikesha mwaka mzima pasipo mwizi, tajiri huona mshahara wake ni hasara, akamwachisha kazi. Asijue kwamba mwizi hakuja kwa sababu mlinzi alikuwapo.