Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Uhifadhi wa Gishora na Ruvubu

Katika makala haya tunakusudia kueleza habari za mahali pawili katika nchi ya vilima ya Burundi, ambapo mali ya asili imehifadhiwa kwa njia mbili zisizofanana. Pa kwanza ni kilima cha Gishora, yapata kilometa 7 kutoka mji wa Gitega. Pa pili ni Hifadhi ya Taifa ya Ruvubu, iliyo kaskazini-mashariki, na ambayo sehemu yake imo Muyinga.

Gishora ilianzishwa na Mfalme Mwezi Gisabo, aliyefariki mwaka 1908, baada ya kumshinda mtemi mwasi aliyeitwa Ntibirangwa. Mfalme aliweka hapo ngoma mbili takatifu, Ruciteme na Murimirwa, akaukabidhi ukoo wa wapiga ngoma, yaani Abatimbo, dhamana ya kuzilinda. Walimu wenzetu watapenda kujua kwamba kwa Kirundi neno *ingoma* lina maana ya ngoma na pia ya utawala. Utawala wa kifalme uliondolewa Novemba 1966, lakini ngoma haikunyamaza, kwa kuwa dhamana ilikuwa imekwisha kukaa mikononi mwa watu wa kilima, wakairithisha kutoka baba hadi mwana. Mwaka 2014 UNESCO iliitia ngoma hiyo ya kifalme katika orodha ya urithi wa binadamu, na wageni hupanda kilimani kuitazama.

Hapa ndipo utamaduni unapokutana na msitu. Ngoma ya Burundi huchongwa katika gogo moja zima la mti ambao Warundi huuita *umuvugangoma*, yaani mti uzungumzishao ngoma. Nasi twaujua kwa jina la mringaringa. Jina la Ruciteme lenyewe lamtaja yule ambaye watu humfyekea msitu. Lakini msitu ukifyekwa wote, ngoma nayo hukosa mwili. Basi mpiga ngoma ana sababu yake mwenyewe ya kuutunza mti, asiyohitaji kuagizwa na mtu.

Ruvubu ina historia nyingine. Sheria ya Machi 1980 iliyoanzisha hifadhi za Burundi ililinda bonde la mto Ruvubu, lenye nyati, viboko na swala, katika eneo la kilometa za mraba zipatazo 500. Manufaa yake ni makubwa, kwani maji ya mto huo huingia Kagera na kuelekea Ziwa Viktoria. Hata hivyo, watu waliokuwa wakiishi humo waliondolewa. Aliyehamishwa hakukabidhiwa dhamana. Alibaki kuutazama mpaka kutoka nje, hali ana njaa ya shamba na kuni.

Hatusemi kwamba Gishora haina matata. Amri ya Rais ya mwaka 2017 ilivitaka vikundi vya ngoma vijiandikishe serikalini na kuwakataza wanawake kupiga ngoma, na swali la nani mwenye ngoma likazuka upya.

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Utalii utakaodumu katika vilima hivi ni ule ambao mwenyeji hupona kwao: awe na sauti katika ulinzi, na fungu katika kiingilio. Serikali yaweza kuweka mpaka kwa siku moja. Mlinzi hulelewa kwa vizazi.