Gari la Kale na Vyombo Vipya: Tatizo ni Tundu

Wapo wapenzi wa magari ya kale wanaoamini kwamba kufunga chombo cha kisasa kwenye gari la zamani ni kuliharibia heshima. Historia haiwaungi mkono. Mwaka 1930, kampuni ya ndugu wa Galvin huko Chicago ilipoanza kuuza redio ya gari iliyoitwa Motorola, mafundi walilazimika kukata dashibodi, kuficha betri za ziada chini ya sakafu na kutandaza antena ndani ya paa. Redio hiyo iliuzwa kwa zaidi ya dola 100, wakati Ford Model A mpya ilipatikana kwa dola zisizofika 600. Gari la miaka hiyo lililobaki na redio yake leo ni hazina. Hata gari kusema si jambo la jana: mwaka 1981 Datsun 810 Maxima iliyouzwa Marekani ilikuwa na santuri ndogo iliyomkumbusha dereva, kwa sauti ya mwanamke, azime taa, na miaka miwili baadaye Chrysler ikaleta maonyo yaliyosemwa na chipu ya Texas Instruments. Madereva wengi walikerwa nayo, na mtindo huo ukafifia.

Kwangu mimi tatizo si chombo kipya, ni tundu. Mtu ataniuliza: ikiwa tundu la mwaka 1930 tunalienzi, kwa nini tundu la leo tulilaumu? Kwa sababu fundi wa wakati ule hakuwa na njia nyingine. Leo kipokezi cha Bluetooth hufichwa nyuma ya redio ya zamani bila kugusa bati. Tena umri wa vyombo hivi ni mfupi mno. Kampuni za simu za Marekani zilipozima mitandao ya 3G mwaka 2022, vifaa vingi vya mawasiliano ndani ya magari vilikufa ganzi, vingine vikiwa havijazeeka. Kukata dashibodi iliyodumu miaka 60 kwa ajili ya skrini ya miaka 10 ni hasara isiyo na kisingizio.

Wengine husema gari ni mali yao, wafanye watakavyo. Haki hiyo ninaikubali, lakini mmiliki wa gari la kale hupokea kazi ya mikono ya watu waliotangulia, na baada yake yupo atakayeipokea. Ndiyo maana Mkataba wa Turin, ulioandaliwa na shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, unataka mabadiliko ya lazima yafanywe kwa namna inayoweza kutenguliwa. Umeme nao una masharti yake: Beetle za zamani zilitumia volti 6, na Morris Minor za awali ziliunganishwa bodi kwenye upande chanya wa betri, kinyume cha magari ya sasa. Chaja ya simu ikiunganishwa humo kiholela inaweza kuungua, na pengine waya pia.

Kwa hiyo, kabla hujamkabidhi fundi ufunguo, mtake apime volti, aweke fyuzi ya peke yake, asitoboe popote, na kila kipande cha asili atakachokitoa akurudishie mkononi.