Mbwa mwongozaji safarini Mogitu: taratibu za kuingia nchini na kurejea

Mgeni asiyeona anayetoka nje ya nchi kuzuru Mogitu, wilayani Hanang mkoani Manyara, anaweza kuambatana na mbwa wake mwongozaji mradi akamilishe taratibu za afya ya wanyama kabla ya safari. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unatambua msaada wa aina hiyo. Hata hivyo, Sheria ya Magonjwa ya Wanyama Na. 17 ya mwaka 2003 inahusu wanyama wote wanaoingizwa nchini, na kazi ya mbwa huyo haiondoi masharti yake.

Kuingia nchini. Kibali huombwa mapema Wizara ya Mifugo na Uvuvi. Mbwa awe amechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa na awe na cheti cha afya kutoka mamlaka ya mifugo ya nchi anakotoka. Nyaraka hizo hukaguliwa mahali pa kuingilia, kama vile Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro.

Njiani. Barabara kuu hupita Arusha, Makuyuni, Minjingu na Babati hadi Mogitu, inakoanzia barabara ya kwenda Haydom wilayani Mbulu. Mgeni anayetaka kupitia pia Hifadhi ya Taifa ya Tarangire au ya Ziwa Manyara aandae mapema mtu wa kumwongoza na mahali pa kumwacha mbwa, kwa kuwa wanyama wa kufugwa hawaruhusiwi hifadhini. Katazo hilo lina sababu: mwaka 1994 virusi vya distempa, ugonjwa unaowapata mbwa, viliua takribani theluthi moja ya simba wa Serengeti.

Kijijini. Mbwa aliyevaa mkanda wa kazi asiguswe, asiitwe wala asilishwe, kwani usalama wa anayemwongoza unategemea utulivu wake. Wenyeji wawachanje mbwa wao na kuwafunga. Mtu akiumwa na mbwa yeyote, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha awahi kituo cha afya kupata chanjo.

Kurejea. Hili ndilo husahaulika. Mbwa anayerudi katika nchi za Umoja wa Ulaya kutoka Tanzania hudaiwa kipimo cha damu kinachoonesha kinga ya kichaa cha mbwa isiyopungua 0.5 IU kwa mililita. Damu huchukuliwa siku 30 au zaidi baada ya chanjo. Kipimo kikifanyika na kuandikwa katika pasipoti ya mbwa kabla ya kuondoka Ulaya, hurudi pamoja na mwenyewe. La sivyo, husubiri miezi mitatu tangu damu ilipochukuliwa, na mgeni hulazimika kubaki naye au kurudi nyumbani bila kiongozi wake.

Kwa hiyo, maandalizi yaanze kwa chanjo na kipimo cha damu, yafuate maombi ya kibali, na tiketi ikatwe mwisho.