Nyota nyekundu za Second Avenue

Muda mfupi baada ya saa sita usiku, Februari 27, 1975, moto ulizuka katika chumba cha nyaya chini ya jengo la kampuni ya New York Telephone, kwenye kona ya Second Avenue na mtaa wa 13, Manhattan. Uliwaka kwa takriban saa 16. Askari wa zimamoto karibu 700 walipokezana kuukabili, na hakuna aliyefia humo. Februari 2025 tukio hilo lilitimiza nusu karne, na wastaafu wa kikosi cha zimamoto cha New York wakilisimulia huanzia kwenye moshi.

Kilichokuwa kikiungua ni nyaya zilizovikwa plastiki ya PVC. Ikishika moto, plastiki hiyo hutoa gesi ya haidrojeni kloridi, ambayo ikigusa unyevu wa koo na mapafu hugeuka kuwa tindikali. Mitungi ya hewa ya siku zile iliisha upesi, na jengo lilikuwa refu na limejaa kiza. Hatari ya saratani nayo haikuwa siri kwa wanaoijua plastiki hiyo. Januari 1974 kampuni ya B.F. Goodrich ilikuwa imetangaza kwamba baadhi ya wafanyakazi wa kiwanda chake cha Louisville, Kentucky, waliotengeneza PVC, walikuwa wamekufa kwa saratani adimu ya ini.

Laini za simu zipatazo 170,000 zilikatika. Kampuni ya simu ikaleta maelfu ya mafundi, wakafanya kazi usiku na mchana, na baada ya wiki tatu hivi simu zikaita tena. Ilikuwa kazi ya kusifiwa, na ilisifiwa sana.

Askari, kwa upande wao, walirudi vituoni wakikohoa. Wastaafu husimulia kwamba kwenye kumbukumbu za matibabu za waliokuwapo uligongwa muhuri wa nyota nyekundu, ili siku wakiugua daktari ajue walivuta nini. Wazo hilo lilikuwa jema. Lakini nyota bila mtu wa kuifuatilia ni wino tu. Miaka ikapita, baadhi yao wakaugua saratani, na hapakuwa na utafiti uliowakusanya wote na kuhesabu nani amepatwa na nini. Kampuni ilijua kila laini iliyokatika. Mapafu ya wale watu hayakupata mhasibu wa namna hiyo.

Na hapo ndipo penye kiini cha ugomvi mzima wa fidia. Askari akivunjika mguu kwa kuanguka kwenye ngazi, tarehe ipo, mashahidi wapo, fomu inajazwa siku hiyohiyo. Saratani huja baada ya miaka 10, 20 au zaidi, na mtu huyo amekwisha kuzima moto mamia. Mwajiri humuuliza: ni moto upi uliokuuguza? Na je, sigara? Na urithi wa ukoo? Mgonjwa aliyelala kitandani alitakiwa athibitishe jambo ambalo hata maabara isingeweza kulithibitisha.

California ilianza kuugeuza mzigo huo mwaka 1982, kwa sheria inayochukulia kwamba saratani ya askari wa zimamoto imetokana na kazi. Hata hivyo sheria hiyo ilikuwa na pengo. Mgonjwa bado alipaswa kuonyesha kwamba kemikali aliyokutana nayo inahusiana na saratani yake, na waajiri walilishikilia pengo hilo mahakamani. Mwaka 1999 wabunge walilifunga: mwajiri anayebisha ndiye aonyeshe kwamba uhusiano haupo. Iliwachukua miaka 17 kukamilisha sentensi moja.

Kwingine mambo yalienda kwa hatua. Jimbo la Manitoba, Kanada, lilipitisha sheria yake mwaka 2002 kwa aina tano za saratani. Bunge la Australia lilipitisha ya kwake mwaka 2011 kwa aina 12. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013 uliwafuatilia askari karibu 30,000 wa Chicago, Philadelphia na San Francisco, ukakuta saratani imezidi kuliko kwa wananchi wa kawaida. Juni 2022, jopo la wanasayansi wa shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, lililokutana Lyon, Ufaransa, liliitaja kazi ya zimamoto yenyewe kuwa kisababishi cha saratani. Uamuzi huo unamhusu askari wa Manhattan sawa na wa Ilala, Dar es Salaam.

Ajabu ni kwamba askari wa zimamoto walioajiriwa na serikali kuu ya Marekani, wakiwemo wa kambi za jeshi na wa misitu, walisubiri hadi Desemba 2022 kupata kinga ambayo wenzao wa majimbo mengi walikuwa nayo zamani.

New York ilirudia somo hilo kwa gharama kubwa mno. Septemba 11, 2001, minara ya World Trade Center iliposhambuliwa na kuporomoka, kikosi chake kilipoteza askari 343 kwa siku moja. Sheria ya kuwatibu na kuwafidia walionusurika, iliyopewa jina la polisi James Zadroga, ilisainiwa Januari 2, 2011, na saratani zikaingizwa kwenye orodha ya matibabu mwaka 2012. Kufikia Septemba 2023, askari wa kikosi hicho waliokufa kwa maradhi yaliyotokana na vumbi la minara hiyo nao walikuwa wamefika 343.

Safari hii askari walifuatiliwa, wakapimwa, wakahesabiwa. Sheria ya Zadroga haiwagusi waliovuta moshi wa Second Avenue.