Lulu: Neno, Kito na Jasho

Neno lulu liliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, kisha likapanda bara. Hata Mabogini, kwenye mashamba ya mpunga kusini mwa mji wa Moshi, mbali na bahari, Lulu ni jina la binti na sifa ya kitu adimu. Sifa hiyo ina historia yake.

Lulu ya asili huzaliwa kwa bahati. Kidusia au jeraha husukuma ndani chembe za ngozi laini ya chaza. Chembe hizo hufanya kifuko, na humo hujengeka matabaka ya lulumizi, yaani dutu ileile ing'aayo upande wa ndani wa kombe. Kwa kuwa chaza wachache tu huwa na lulu, ilipasa wavuliwe kwa maelfu. Katika Ghuba ya Uajemi, mwishoni mwa karne ya 19, miongoni mwa wapiga mbizi walikuwamo watumwa kutoka Afrika Mashariki. Wengine walivushwa kwa magendo hata baada ya mkataba wa 1873, ambao Sultani Barghash alikubali kukomesha usafirishaji wa watumwa baharini. Pwani ilipokea neno, ikanyang'anywa watu.

Mwaka 1893 Kokichi Mikimoto wa Japani alifaulu kumfanya chaza atoe nusu-lulu. Baadaye lulu za mviringo zilipatikana kwa kupandikiza punje ya kombe pamoja na kipande cha ngozi ya chaza mwingine. Mwaka 1921 wafanyabiashara wa London na Paris walizipinga wakiziita za uongo. Hata hivyo, lulu hizo, pamoja na mdororo wa uchumi ulioanza 1929, ziliangusha uzamiaji wa Ghuba.

Katika miaka ya 2000 ufugaji ulifika Unguja. Wanawake wa vijiji vya Ghuba ya Menai, kama Fumba, walijifunza kugandisha punje ndani ya kombe, kumtundika chaza baharini kwa miezi kadhaa, kisha kuikata nusu-lulu iliyoota.

Hapa istilahi zina uzito. Lulu bandia ni kioo au plastiki iliyopakwa rangi. Lulu ya kufugwa imejengwa na chaza mwenyewe. Anayezichanganya hizi mbili huipunguzia thamani kazi ya mikono ya wanawake hao, na hurudia hoja iliyokwisha kushindwa sokoni.