Upungufu wa vitamini B12

Upungufu wa vitamini B12 (kobalamini) ni hali ya mwili kukosa kiasi cha kutosha cha vitamini hiyo, inayohitajika kutengeneza seli nyekundu za damu na kutunza utando wa neva. Dalili zake ni pamoja na ganzi, miguu kuwaka moto na kuyumba.

Kwa asili hupatikana katika nyama, samaki, mayai na maziwa. Mtori wa Machame usiotiwa nyama wala maziwa hauna B12, ingawa ndizi zina B6. Metformini, dawa ya kisukari, hupunguza ufyonzwaji wake.

Inafaa damu ipimwe kabla ya kumeza vidonge, maana hivyo hupandisha kipimo. Asidi foliki peke yake huweza kuongeza damu huku neva zikiendelea kuharibika. Hata B6 ikizidi kwa muda mrefu huleta ganzi ileile.