Kabla ununue printa ya picha, uliza wino

Wasee, kila wiki kuna mtu ananiuliza printa gani poa ya kuprinti picha nyumbani. Nikimuuliza anataka picha zikae miaka mingapi, ananitumia namba ya DPI. Hebu tuwekee hiyo namba kando. Mimi ni mtu wa historia, na historia ya hii mashine itakusaidia kuliko stika iliyo kwa boksi.

Rudi 1977, Japani. Kwa maabara ya Canon, chuma cha moto cha kulehemia kinagusa sindano iliyojaa wino, na wino unaruka nje. Mtafiti Ichiro Endo anaona hapo kuna kitu: joto limeunda kiputo, kiputo kimesukuma wino. HP kule Marekani walifikia wazo hilo hilo kivyao, na 1984 wakatoa ThinkJet. Epson walikataa mambo ya moto. Wao hutumia kipande kidogo kinachojikunja kikipata stima, kinaminya wino utoke. Njia hizo mbili ndizo bado ziko dukani leo.

Inakuhusu aje? Kwa printa nyingi za HP za bei ya chini, kichwa kinachotema wino kiko kwa katriji yenyewe. Ukibadilisha katriji, umepata kichwa kipya. Kwa Epson kichwa hukaa na mashine. Kikikauka juu hukuprinti kitu tangu Krismasi, utatafutana na fundi. Kama wewe ni wa kuprinti mara mbili kwa mwaka, enda tu kwa studio ya mtaani, bana, uokoe pesa.

Sasa stori yenye ilinifanya niandike hii. Mwaka 2000 Epson walitoa Stylus Photo 870 na 1270, printa za picha za nyumbani zilizosifiwa sana. Picha zilikuwa moto. Halafu watu wakaanza kuona picha zao ukutani zinageuka rangi ya chungwa, zingine ndani ya wiki chache tu! Mwanga haukuwa na makosa hapo. Ni hewa, hasa gesi ya ozoni, iliyokuwa inapenya ile karatasi ya kung'aa na kula rangi. Mwaka huo huo wakatoa 2000P, iliyotumia wino wa pigmenti.

Wino wa kawaida ni rangi iliyoyeyuka kabisa, kama chai. Unang'aa vizuri, ni rahisi, lakini hewa na jua huumaliza haraka. Pigmenti ni chembechembe ndogo ndogo ngumu, kama rangi ya ukuta. Inavumilia zaidi, na bei yake pia utaihisi.

Na zile printa za tangi unaziona kila cyber? Hizo zilianzia Indonesia. Watu walikuwa wamechoka kununua katriji, wakapitisha mipira kutoka kwa chupa za wino hadi ndani ya mashine. Epson wakaona hawawezi kushindana na hao mafundi, na 2010 wakaanza kuuza huko printa zenye tangi kutoka kiwandani. Kwangu huo ndio ushindi mkubwa wa mteja kwa hii biashara yote. Lakini chunga: printa nyingi za tangi za bei nafuu, hata L8050 yenye rangi 6, hutumia wino ule wa kuyeyuka. Kwa picha za pasipoti na za kugawa kwa harusi, ni sawa kabisa.

Ya shosho ni mambo mengine. Wazazi wetu wana albamu. Sisi tuna simu, na simu huibiwa Githurai ukishuka matatu. Kama hiyo picha ndiyo pekee mtabaki nayo, tafuta pigmenti, ama iweke nyuma ya kioo mbali na jua. Na usijaze tangi na wino wa chupa haina jina juu muuzaji amekuapia ni ule ule.

Unataka kupima? Printi picha moja, ikate katikati. Nusu weka kwa bahasha, nusu bandika ukutani bila kioo. Yangu iko wiki ya tatu, na ngozi ya binamu yangu imeanza kuwa na wekundu fulani hivi.